Hodi ya Sekela

Mwenyekiti Lutengano alinikuta nafunga begi. Meli ya Mirihi ilikuwa imeshafika gatini, na mimi mji mmoja sikai mpaka nikazijua nyufa za kuta zake. Aliingia bila kupiga hodi. Katika Lupembe ya Juu jambo hilo halifanyiki hata na mtoto, kwa hiyo nikajua kuna msiba, au kitu kinachokaribia msiba.

"Shikamoo, mzee Kalolo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Nataka uzime kiini."

Nikaacha shati nililokuwa nakunja. "Nizime nini?"

"Kiini. Ukizime, kisha ukiwashe upya. Funguo mbili zinatakiwa. Mmoja ninao mimi. Injinia Gama amekataa kutoa wake. Umebaki wako, ule uliopewa kama fundi."

"Sekela bado hajaamka?"

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo akakaa, juu ya kitanda changu, juu ya nguo zangu.

Niseme kidogo jinsi tulivyokuwa tunaishi. Mji ule unaelea juu ya mawingu ya Zuhura. Chini yake kuna ardhi yenye madini mazuri na joto la kuyeyusha risasi, hakuna mwili wa mtu utakaokanyaga kule ukarudi. Kwa hiyo mtu hushuka kwa mjumbe. Unalala kitandani, kiini, ile kompyuta kuu ya mji, kinanakili akili yako yote, na ile nakala ndiyo mjumbe: inashuka kwa mawimbi, inaingia kwenye mwili wa chuma unaozimika ishara ya kiini ikikatika, inafanya kazi. Wewe unabaki umelala. Kazi ikiisha, mjumbe anarudi, anapiga hodi, kiini kinakuamsha, na yeye anaingia ndani yako. Unaamka unakumbuka yote aliyoyaona. Nimeshuka mara nyingi, na sijawahi kuamka nikajiona wawili.

Sekela, mke wa Lutengano, alikuwa fundi wa mitambo ya kuchoronga. Mtambo mmoja ulisimama, akaenda kuuangalia. Kazi ya kwenda na kurudi tu. Akalala kwenye kitanda cha kazi fupi, kile kisicholisha mtu, maana alitegemea kula chakula cha mchana nyumbani. Sasa ilikuwa siku ya tatu. Na vitanda vile havifunguki kwa mkono, ni mpaka kiini kimwamshe mtu au kizimwe. Waliovijenga walivifunga makusudi, mtu asije akatenganishwa na mjumbe wake katikati ya njia.

"Daktari anasemaje?" nikauliza.

"Figo zinachoka. Anaweza kufika jioni. Zaidi ya hapo hajui."

"Na wajumbe walioko machimboni?"

Lutengano aliangalia mikono yake. "Wajumbe si watu, mzee. Ni kazi tu inayotembea. Wenyewe wamelala hapa juu, salama. Kiini kikizimwa wataamka kama walivyolala."

Ubaya ni kwamba hakuwa anadanganya. Wangeamka salama kweli. Lakini kule chini kulikuwa na mzee Mwakalinga, ambaye mjumbe wake alishuka kabla shule mpya haijaezekwa. Alikuwa anatuimbia kwenye redio kila asubuhi. Alikuwa ameupa majina kila mlima wa kule. Kiini kikizimwa, huyo asingeamka popote. Angekatika katikati ya wimbo, na Mwakalinga wa huku juu angeamka akiuliza shule imeishia wapi.

"Wangoje warudi kwanza," nikasema.

"Wanarudi vipi? Mji umeshapita machimbo. Mpaka upepo utuzungushe tena ni kesho kutwa."

Hilo nalo ni kweli. Sauti ya redio hupita kwa setilaiti ndogo, lakini akili nzima ya mtu haipiti kwenye uzi mwembamba vile. Ni mpaka mji ukae juu ya machimbo sawasawa. Sekela mwenyewe alishuka tukiwa tunaanza kuyaacha.

"Ngoja nikamwone Gama," nikasema.

"Mzee, ninakuomba kama mzazi wangu."

"Nimekusikia, mwanangu. Ndiyo maana nakwenda haraka."

*

Injinia Imelda Gama alikuwa chumba cha kiini, pekupeku, macho mekundu, anatafuna karanga. Yeye ni Mngoni wa Songea, mimi ni Mhehe, na watani hawaachi utani hata nyumba ikiungua.

"Umekuja kunipora ufunguo?" akasema bila kugeuka. "Au umesikia kuna mbwa huku?"

"Zuhura haina mbwa, ndiyo maana nimekonda. Umepata nini?"

"Kaa hapa. Nina nusu ya jambo, nusu nyingine inanikimbia."

Mimi msimbo sikusomea mahali pamoja. Nusu nilifundishwa na fundi wa winchi huko Mwezini, robo nikaipata katika chuo cha Mirihi kilichofungwa kabla sijamaliza, na iliyobaki nimeiokota katika kutengeneza makosa ya wengine. Gama alikuwa na shule yake iliyonyooka. Tulifanya kazi vizuri kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja alikwama mahali ambapo mwenzake hakukwama.

Akanionyesha kumbukumbu za kiini. "Mjumbe wa Sekela alifika chini. Akakuta mguu wa mtambo umevunjika. Bila vipuri hakuna la kufanya, akageuka papo hapo. Tazama wakati aliorudi."

Nikatazama. "Huu ni wakati aliolala Sekela."

"Ndiyo. Mjumbe alirudi kabla Sekela mwenyewe hajamaliza kulazwa. Tangu mji huu uanze, hakuna aliyewahi kurudi haraka namna hiyo. Wote huenda kwa wiki, kwa miezi."

"Alipiga hodi?"

"Alipiga. Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza. Amekaa nje ya mlango mpaka sasa."

Tukatazamana, na nadhani tuliona kitu kile kile. Kiini cha Lupembe ya Juu kiliandikwa na watu wa nyanda za juu kusini, watu wenye adabu zao. Walipoandika jinsi mjumbe anavyorudi, waliandika jinsi mgeni anavyofika nyumbani kwa watu: anapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hapigi tena, anakaa nje kwa utulivu mpaka aitwe. Hakuna aliyewaagiza waandike hivyo. Hawakufikiri tu kwamba kuna namna nyingine. Huko Mwezini watu watakugongea mlango mpaka utoke na povu la sabuni kichwani, na fundi wa Mwezini asingeandika msimbo huu hata kwa kulazimishwa.

"Basi tumwambie agonge mpaka afunguliwe," nikasema.

"Na wengine wote wakirudi wagonge hivyo hivyo? Kiini kitashinda kinasikiliza milango, hewa ya mji itasukumwa na nani? Tena huyu wa Sekela ameshanyamaza. Hata ukibadilisha adabu yake leo, yeye ameshamaliza kupiga."

Kweli. Nikaomba karanga, akaninyima, akanipa.

Tukasoma upande wa pili, upande wa anayesubiri. Kulala kule kuna hatua zake. Mjumbe akishatumwa, kwanza kiini hukuangalizia nje: mjumbe amerudi? Hajarudi. Kisha hukulaza. Kisha huandika jina lako kwenye foleni ya wanaosubiri, maana hodi ikipigwa huamshwa walio kwenye foleni tu. Gama aliweka kidole chake katikati ya kulazwa na kuandikwa.

"Hapa," akasema. "Aliangalia nje, hapakuwa na mtu. Akawa analazwa. Mjumbe akaja, akapiga hodi zake, foleni haina jina la Sekela, hodi zikapita hewani. Kisha jina likaandikwa, akalala, anasubiri hodi iliyokwisha kupigwa."

Mke wa mtu yuko ndani anamsubiri yule yule aliyekaa nje anamsubiri yeye, na kati yao mlango ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Jina litangulie," nikasema.

"Jina litangulie," akakubali, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika. "Andika jina kwanza. Halafu angalia nje. Halafu lala. Akija kabla hujaangalia, utamwona. Akija baada, hodi itakuta jina lako. Ufa umekwisha."

Ulikuwa ufundi safi. Nimeona watu wakitengeneza jambo kama hili kwa kurasa nzima za mbinu. Yeye alihamisha mstari mmoja ukakaa juu ya mwingine.

Lakini Sekela alikuwa ameshalala. Utaratibu mpya ungewafaa watakaolala baadaye. Yeye alihitaji hodi nyingine, na hodi pekee tuliyoweza kupiga kwa mkono ni kengele ya foleni nzima. Haichagui. Na wanaoingia kwenye foleni ile hawatolewi humo ila kwa kuamshwa. Hapo ndipo ilipokuwa ile nusu iliyomkimbia Gama.

"Ukiigonga, wote wataamka," akasema. "Na anayeamka haangalii. Anafungua tu na kumpokea aliyeko nje. Kama nje hakuna mtu..."

Sote tulimjua Peregrini, aliyeamshwa hivyo kwa bahati mbaya miaka ya mwanzo. Alifungua mlango akapokea utupu, ukammwagikia kichwani. Mpaka leo yuko bustani ya mji, ananyunyizia nyanya maji, anatabasamu kwa kila mtu, na jina lake halijui.

"Kwa nini haangalii?" nikauliza.

"Kwa sababu amesikia hodi. Ukisikia hodi si kuna mtu?"

"Mimi nimelala nyumba nyingi za wageni, injinia. Ukisikia hodi, mara nyingi ni chumba cha jirani." Nikavuta kiti. "Akiamka, asiiamini hodi. Aangalie nje kwanza. Kama mjumbe wake yupo, amfungulie. Kama hayupo, ajiandike tena, alale tena. Na ikigongwa tena, aangalie tena. Kila mara, mpaka aliye nje awe wake kweli."

Nikaiandika. Hatua ya kuamka ilikuwa bado mbele yao, kwa hiyo hiyo ingewafaa hata waliokwisha kulala. Pale palipokuwa pameandikwa *kama* nikaweka *maadamu*, na msimbo ukageuka kutoka swali la mara moja ukawa duara. Gama aliusoma, akaurudia, akausoma kuanzia chini kwenda juu.

"Umepatia, Mhehe," akasema. Sijapata cheti chochote kinachozidi hilo.

Kisha akavua miwani. "Ila ukiwa umekosea, wote waliolala watakwenda kunyunyizia nyanya. Na hatujawauliza."

"Wamelala."

"Huku juu wamelala," akasema. "Chini wako macho."

*

Lutengano alipoingia alikuwa ameshika ufunguo wake wazi mkononi. Tukamweleza. Aliposikia kengele ya wote, uso wake ulichangamka. Aliposikia habari ya kuwauliza wajumbe, ukakunjamana.

"Mnataka kupiga kura na vyuma, mke wangu anakufa?"

"Tunataka kuwauliza wenye vichwa vyao," Gama akasema.

"Wenye vichwa wamelala kule ukumbini. Hao wa chini ni wajumbe."

"Mwenyekiti," nikasema, "mjumbe wa Sekela aliyeko mlangoni, huyo naye ni kazi tu?"

Lutengano akakaa kwenye kiti cha redio, kisha akainuka, akaniachia mimi.

"Na wakikataa?" akauliza.

"Sijui," nikasema. Ufunguo wangu ulikuwa shingoni, nikausikia uzito wake.

Nikawaita machimboni, wote kwenye mkondo mmoja. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila kupamba. Nikawaambia kuhusu Peregrini pia. Nikawaambia kuna njia ya kuzima, na kwamba kwa njia hiyo wao ndio watakaokatika.

Kwanza kulikuwa na upepo tu kwenye redio. Kisha Mwakalinga akakohoa. Chuma hakikohoi, ni mazoea tu ya mtu.

"Sasa mzee Kalolo," akasema, "hebu nielewe. Mnaweza kutuzima bila kutuuliza, ila mmeamua kutuuliza ili mtuamshe vibaya?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Basi mimi nakubali. Mtu aliyeulizwa ameshapewa heshima yake. Sekela ni binti wa jirani yangu."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wanataja majina yao. Mpaka ikafika zamu ya Eusebia Nyagawa, mwanamke anayetunza vipoozeo.

"Mimi sikubali," akasema.

Lutengano akaufumba mkono juu ya ufunguo.

"Tuambie, mama," nikasema.

"Mwili wangu uko juu, na una watoto wawili wanaongoja uamke. Nyinyi mnasema mmerekebisha. Peregrini naye aliambiwa kitanda ni kizima. Nani amelala kwenye huo msimbo wenu?"

"Hakuna bado."

"Basi alale aliyeuandika. Mkimgongea bure akalala tena, na baadaye akaamka anajua jina lake, mniite. Kabla ya hapo msiniite."

Gama aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvua viatu.

"Babu, una umri," akasema taratibu. Hajawahi kuniita babu bila utani isipokuwa siku ile.

"Nina umri, na mstari ni wangu."

Lutengano alisimama kunisindikiza ukumbini. Akanisaidia kupanda kitandani, akakunja shuka miguuni kama mtu anavyomfanyia baba yake. Mjumbe wangu tulimtuma karibu tu, kwenye mtambo wa kusafisha vioo nje ya mji, na jina langu Gama akaliandika kwenye foleni ya peke yangu, kengele isije ikawafikia wengine.

Sasa ninakumbuka pande mbili. Upande wa nje, ninasugua vioo, chini yangu mawingu ya manjano yanakwenda bila mwisho, na ninajua kwamba ndani kuna mzee ambaye sasa hivi atagongewa kengele ya uongo. Nilimwonea huruma kama si mimi. Upande wa ndani kulikuwa na giza, kisha kengele. Nikapanda kutoka usingizini mpaka mlangoni. Mkono wangu ulitaka kufungua. Halafu duara nililoliandika likanigeuza shingo, nikaangalia nje, nikaona hakuna mtu, na nikarudi zangu kulala bila wasiwasi wowote. Gama aligonga tena na tena. Kila mara niliangalia, kila mara nikarudi.

Kisha mjumbe wangu akarudi akapiga hodi, na nikamwona ni wangu.

Nilipofumbua macho Gama alikuwa ameniinamia. "Jina lako?"

"Kalolo. Na wewe ni Mngoni mchoyo wa karanga."

Alicheka huku anajifuta machozi kwa kiganja, akakimbilia redio. Nikamsikia Eusebia akiomba niongee mwenyewe. Nikaongea. Akaniuliza nilizaliwa wapi, mama yangu aliitwa nani, na vioo vya nje vina hali gani. Nikamwambia ni vichafu sana.

"Haya," akasema. "Gongeni."

*

Tulisimama ukumbini, sisi watatu na daktari. Gama aligonga kengele.

Nimepita sehemu nyingi na nimetengeneza vitu vingi: pampu, breki za lifti, mioyo ya bandia ya watu wawili. Vingi vimeshasahaulika na mimi mwenyewe nimevisahau. Ila ule ukumbi siusahau. Katika kila kitanda kope zilitikisika. Watu wote wale walipanda usingizini pamoja, kama shamba linapopitiwa na upepo. Daktari alishika ukingo wa kitanda cha Eusebia. Kisha kope zikatulia, kitanda kimoja baada ya kingine, vifua vikaendelea kupanda na kushuka. Wote waliangalia nje, wakaona bado, wakalala. Ule ulikuwa mstari wangu, na juu yake mstari wa Gama, nayo iliwabeba watu wote wale bila kumdondosha hata mmoja.

Kitanda cha kazi fupi kikafunguka.

Sekela alikuwa amekauka midomo. Daktari alimwekea mrija wa maji mkononi kabla hajainua kichwa. Akamtafuta mumewe kwa macho.

"Mguu wa mtambo umevunjika," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimegeuza hapo hapo. Wape taarifa watu wa vipuri..." Akamwangalia vizuri. "Wewe, hizo ndevu umeota saa ngapi?"

Lutengano aliweka paji la uso wake juu ya mkono wa mkewe, akakaa hivyo. Sisi wengine tukaangalia mahali pengine. Gama alinipenyezea konzi ya karanga mfukoni bila kuniangalia.

Redio ya ukutani ikakwaruza. Walikuwa bado wanasubiri kule chini. Nikasogea nikaishike, lakini Lutengano alikuwa ameinuka, akanipita.

"Machimboni," akasema. "Mwenyekiti anaongea. Sekela ameamka. Anaongea, ananisema ndevu. Miili yenu yote ni mizima, nimepita kitanda kwa kitanda. Mzee Mwakalinga, asante. Bi Eusebia, asante." Akaendelea kuwataja mpaka akawamaliza wote, na hakuna jina alilohitaji kukumbushwa.

Kisha sauti ya Eusebia ikaja, haina ukali tena, ina uchovu tu.

"Mwenyekiti, kesho kutwa mji ukipita huku nami nikarudi nikapiga hodi, kuna mtu atakayenisikia?"

Lutengano aligeuka kututazama, mimi na Gama, kisha akakitazama kile kitanda alipolala mwanamke yule anayeongea naye.

"Yupo," akasema. "Ni wewe mwenyewe, mama. Umeshajiandika mlangoni."